Mirathi Isiyogawanyika

Baba akifa mirathi yake hugawanywa: ng'ombe kwa huyu, shamba kwa yule, na mara nyingi ugomvi kwa wote. Lakini yako mambo ambayo wazee wetu walituachia sote pamoja, wala hapana mtoto awezaye kuchukua fungu lake akaenda zake: chemchemi, msitu, mlima wenye jina, lugha tuliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mirathi ya namna hii yapotea upesi kuliko ile nyingine, kwa sababu kila mmoja adhani mwenziwe ndiye mlinzi. Leo twataka kusema neno juu ya ulinzi huo, na kwa mfano twende Bonga, katika mji wa Babati.

Bonga iko kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 20 kutoka Babati penyewe, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Kisha sehemu ya Mela hadi Bonga, kilomita 88.8, ikatiwa lami, na mwaka 2018 barabara yote ya Dodoma hadi Babati ikafunguliwa rasmi. Twamshukuru Mungu kwa lami hiyo. Mgonjwa afika hospitali upesi, na mbaazi zafika sokoni. Lakini lami haichagui mzigo. Lori lichukualo mbaazi laweza kuchukua mkaa pia. Na kijana aliyekwenda mjini kutafuta kazi hurudi siku ya Noeli akimjibu bibi yake kwa Kiswahili kitupu, na bibi hunyamaza.

Hatusemi hivi kwa kukidharau Kiswahili, ambacho ndicho chakula chetu sisi tuandikao gazeti. Wenyeji wa nchi ile ni Wagorowa, ambao wengine huwaita Wafiomi, na lugha yao ni ndugu ya Kiiraqw. Pamoja nao Babati hukaa Wairaqw wenyewe, Warangi, Wambugwe na wengineo. Mtaalamu mmoja wa lugha, Andrew Harvey, alikaa kati ya Wagorowa akirekodi masimulizi na mazungumzo yao, na mwaka 2018 alikamilisha huko London tasnifu juu ya nomino za lugha yao. Sauti hizo zimewekwa katika hazina ya lugha zilizo hatarini, huko Ulaya. Kazi njema hiyo, nasi twaisifu. Walakini, mgeni avuke bahari kumwuliza bibi mambo ambayo mjukuu aketiye naye motoni hajawahi kumwuliza! Hapo si mgeni aliyekosa.

Mwaweza kusema: hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli kwamba Serikali ina wajibu wake, na Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964. Lakini sikilizeni yaliyotokea katika wilaya hiyo hiyo ya Babati, kwenye msitu wa miombo uitwao Duru-Haitemba, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 9,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipangwa kuwa hifadhi ya Serikali, na mipaka ikaanza kupimwa. Wanavijiji walipoona vigingi walifanya nini? Wengi waliingia na mashoka wakate upesi kabla msitu haujawa wa wengine. Wala hatuoni ajabu, maana mtu hailindi nyumba aliyokwisha kunyang'anywa. Ndipo yakafanyika mashauri, na kuanzia mwaka 1994 vijiji vinane vikaachiwa msitu huo, kila kijiji sehemu yake. Wakachagua kamati zao, wakatunga sheria zao ndogo, wakateua walinzi miongoni mwa vijana wao, wakakataza mkaa na ukataji wa ovyo. Msitu ukaanza kurudi. Watu walikuwa wale wale, na mashoka yale yale; kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa na chombo chao cha kusemea na kuamulia.

Jambo hili Kanisa limelifundisha zamani. Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Moja, katika barua yake ya mwaka 1931, alionya kwamba ni udhalimu kuvinyang'anya vyama vidogo kazi viwezavyo kuifanya vyenyewe na kukipa chombo kikubwa. Mtu peke yake hawezi kuilinda chemchemi, na ofisi iliyo mbali haiwezi kuiona. Kati yao lazima pawe na chama cha majirani wajuanao kwa majina, wawezao kumwambia mmoja wao, bila polisi, 'Ndugu, hapo umekosa.'

Sasa tuguse jambo ambalo baadhi ya Wakristo hawapendi kulisikia. Babati ilikuwa na misitu midogo mingi ya jadi, vichaka ambavyo wazee walivitenga kwa mikutano na mila zao, na mtu hakuthubutu kukata humo hata fimbo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 uliviorodhesha vingi vyake. Viliponaje karne zote hizo? Mara nyingi kwa hofu: hofu ya mizimu, hofu ya laana ya wazee. Injili ikaja, ikatuondolea hofu hiyo, na ni haki iondoke. Lakini wako waliodhani kwamba, kwa kuwa mzimu hawauogopi tena, basi mti hauna mwenyewe. Wakaacha tambiko na papo hapo wakashika shoka. Je, huo ndio uongofu? Aliyeumba mti ule alikuwa Mwenyewe kabla ya mzimu kutajwa. Mkristo akatae matambiko, lakini asiwe mharibifu kuliko babu yake aliyekuwa mpagani. Pale ambapo hofu imeondoka pawekwe upendo wenye utaratibu. Na utaratibu, kwa lugha ya siku hizi, ndio chama chenye katiba, daftari na mikutano.

Wala mtu asiseme kwamba kutunza vya wazee ni kurudi nyuma. Yoshua alipowavusha Waisraeli mto Yordani aliamuru mawe kumi na mawili yachukuliwe mtoni, ili watoto wa baadaye wakiuliza habari zake wapate kusimuliwa. Watu wa Bonga hawana haja ya kwenda mbali kuyatafuta mawe yao. Wakishika barabara hiyo hiyo ya kusini watafika Kolo, Kondoa, yalipo mapango yenye michoro ya kale, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika Urithi wa Dunia. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika, tangu miaka ya 1950, alishirikiana na Wasukuma wenyewe kukusanya ngoma na vyombo vyao. Waimbaji wa chama cha Bana Cecilia wakamsifu Mungu kwa nyimbo za kwao, na mashindano ya ngoma ya Bulabo yakaambatana na Sikukuu ya Ekaristi. Miaka kumi na zaidi baadaye, mwaka 1965, Mtaguso wa Vatikano ukaweka sura nzima juu ya utamaduni.

Twatoa onyo moja. Chama cha kulinda mirathi kisigeuke kuwa chama cha kabila. Kujivunia kwenu si kumdharau mgeni aliyenunua shamba kando yenu. Mvua ya msitu ule yamnyeshea yeye pia. Katika mahali kama Bonga, Mgorowa na Mwiraqw na Mrangi, Mkatoliki na Mlutheri na Mwislamu, waketi pamoja ubaoni. Jumuiya zetu ndogo ndogo zimetufundisha kukutana kila juma nyumba kwa nyumba; mazoea hayo ni mtaji, lakini si kila jirani yumo ndani yake, na chemchemi haiulizi cheti cha ubatizo.

Waanzie wapi? Waanze na mambo machache. Wazee waitwe wataje majina ya vilima, vijito na vichaka, na sababu ya kila jina, na vijana wayaandike kwa Kigorowa na kwa Kiswahili. Simu walizo nazo mfukoni zarekodi sauti bila gharama. Vichaka vilivyosalia vipandishiwe mipaka na serikali ya mtaa ijulishwe kwa barua. Ada iwe ndogo, ili mjane asizuiwe. Na hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote kila baada ya mavuno, akina mama wakiwa mstari wa mbele, maana wao ndio waendao kuteka maji na kuokota kuni, na habari za msitu huzijua kabla ya mwenyekiti.