Nyumba Ileile

Mgeni anayezuru nyumba ya kumbukumbu huwa na swali ambalo adabu humzuia kulitamka: ndiyo yenyewe? Kitanda hiki ndicho alicholalia marehemu, au kimenunuliwa juzi? Tunalipa kiingilio tuukaribie uhalisi, na uhalisi wenyewe tumeuweka kwenye mbao, mawe na misumari.

Kipimo hicho kikipandishwa uwanda wa Makonde hakifiki mbali. Nyumba ya miti, udongo na nyasi pale Newala haikujengwa ili idumu karne. Mchwa hula nguzo, nguzo hubadilishwa. Nyasi huoza, paa huezekwa upya. Ukuta hukandikwa kila unapopasuka. Baada ya miaka hakibaki hata kijiti cha mwanzo, na bado hakuna jirani atakayesema mwenyewe amehama. Nyumba ni ileile kwa sababu ya kiwanja, kwa namna vyumba vinavyoelekeana na uwanja, na kwa mikono inayojua kukandika.

Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika huku. Alikaa Chingulungulu kwa chifu Matola, kisha akapanda Newala, akikusanya vinyago na vyombo, akipiga picha, akinasa nyimbo kwa fonografu. Vilivyosafiri naye ni halisi kwa kipimo cha mgeni: mbao zilezile, makovu yaleyale ya shoka. Ila kinyago bila mchezaji ni kitu gani? Mtetezi wa Weule atajibu kwamba vingebaki Newala vingeliwa na mchwa. Jibu hilo lina uzito, nami sitalidharau. Lakini Desemba 1943 mabomu yaliangukia Leipzig, na sehemu ya mikusanyo ya makumbusho yale ikateketea. Hata jengo la mawe lina mchwa wake.

Masasi walilijua hilo mapema. Misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyoanza mwaka 1876 Askofu Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani, ilivamiwa na Wangoni mwaka 1882, na baadhi ya wakazi wakakimbilia Newala. Vita vya Majimaji mwaka 1905 vikaichoma. Anayekwenda leo kuangalia kanisa la Masasi anatazama kitu kilichojengwa upya, na hakuna anayedai kwamba ni misheni nyingine.

Je, basi mahali ndipo panapoibeba nyumba? Ningependa kusema ndiyo, ila historia ya hapa inanikatalia. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka viwanja vya babu zao. Nyumba zikaanguka, mikorosho ikabaki. Korosho zilizofikia takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74 zikaporomoka, na miongoni mwa sababu ni hiyo: mkulima alikuwa amewekwa mbali na miti yake. Wapo waliotembea kwenda kuipalilia, na kwenye mahame yao mkorosho ukawa shahidi wa umiliki kuliko ukuta wowote. Anayetafuta nyumba ya kihistoria katika nchi hii aanze na uwanja. Jengo huenda asilikute.

Ndiyo maana Makumbusho ya Kijiji, Kijitonyama jijini Dar es Salaam, yananivutia kuliko majumba mengi ya heshima. Nyumba za makabila zimesimama pale tangu miaka ya 1960, na haziwezi kusimama bila kukarabatiwa. Ningekuwa na sauti, ningemwalika mgeni siku ya kuezeka, si siku ya kufungua mlango. Fundi wa nyasi akikosekana, jengo lote linageuka picha.

Na fundi huyo anazidi kuwa adimu. Newala na Masasi watu wanaezeka bati, mara nyingi kwa fedha za korosho, na kijana anajua kupigilia misumari kuliko kufunga nyasi. Kuna wanaoona bati kama doa juu ya mandhari ya asili. Hao wangetaka mkulima wa Newala aendelee kuvujiwa ili wao wapate cha kuzuru. Nyumba ya makumbusho ikijengwa Newala, iwe na ya nyasi na ya bati kando yake, uwanja mmoja, mkorosho mmoja, na anayeziangalia alipwe kuzikarabati zote mbili.