Maji ya Kutazama

Mwaka 1994, nikiwa Paris kwa mafunzo ya miezi mitatu, niliingia Jumapili moja katika jumba la makumbusho la Marmottan. Ni nyumba ya kadiri, iliyokuwa zamani ya wawindaji, na ukiwa ndani unajiona kama mgeni sebuleni kwa mtu. Chini ya ardhi zimo picha za Claude Monet, nyingi zikiwa urithi ulioachwa na mwanawe Michel mwaka 1966. Ni picha za bustani yake ya Giverny: mayungiyungi juu ya maji, mierebi, na daraja la mbao.

Nilizitazama kwa furaha, kisha nikaanza kukasirika.

Msomaji anielewe. Mimi nimezaliwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako mchanga huinywa mvua yote na chemchemi ziko chini mabondeni. Nilipokuwa mdogo, Bibi aliondoka jogoo la kwanza, akashuka mteremko, akarudi jua limekwisha panda, mtungi kichwani. Maji aliyonawia uso ndiyo yaliyonawa miguu, na yaliyobaki akapewa mpapai. Nilipokwenda kusoma Masasi, wenzangu walinitania kwamba kwetu mgeni hupewa chakula, lakini maji ya kuoga aje nayo.

Na huyu mtu alichimba bwawa zima la kutazama! Alinunua kiwanja mwaka 1893, akaomba ruhusa ya kuchepusha kijito. Majirani wakapinga, wakihofu kwamba mimea yake ya kigeni ingetia sumu maji waliyoyategemea. Hatimaye ruhusa akapata. Mimi, miaka mia moja baadaye, nilikuwa upande wa majirani. Je, mtu ana haki ya kuyaweka maji kwa ajili ya macho, ilhali mwingine anayataka kwa ajili ya koo?

Najua kwamba bwawa lile halikupunguza hata tone Newala. Hata hivyo hasira haikuondoka, mpaka nilipofika kwenye picha za uzeeni, alipokuwa na mtoto wa jicho, kabla na baada ya kupasuliwa mwaka 1923. Daraja limezama katika wekundu, huwezi kusema linaanzia wapi. Nilisimama pale muda mrefu.

Bibi naye alikuwa na mtoto wa jicho. Niliporudi nyumbani nilimsimulia picha zile kwa maneno, kwani kadi niliyomletea hakuweza kuiona.

"Hayo maji yananyweka?"

"Hapana, Bibi. Ni ya kutazama tu."

Nilingoja amlaani yule mzee. Akanyamaza kidogo.

"Sisi tukifika kule chini tulikuwa tunakaa kwanza, mjukuu wangu. Unadhani tulikuwa tumechoka? Kushuka hakuchoshi."

Nikamwuliza walikuwa wakitazama nini. Akasema kulikuwa na mti umeyainamia maji, na asubuhi ukionekana miwili. Kisha akaniuliza kama pipa nimelifunika.