Nani Adaiwa Damu ya Mchukuzi?

Watoto wa shule wakiulizwa sababu ya Vita Kuu ya mwaka 1914, hujibu upesi ya kuwa mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, aliuawa kwa bastola mjini Sarajevo tarehe 28 Juni mwaka ule. Jibu hili ni sahihi, na mwalimu hulitia alama. Lakini mtu wa Ukamba aliyekufa kwa kuhara damu karibu na mto Rufiji, baada ya kuchukua mizigo ya jeshi siku nyingi, hakujua Sarajevo ni mji wa wapi. Wala mama wa Ugogo aliyezika wanawe wakati wa njaa hakupata kulisikia jina hilo. Basi twataka leo kulipima swali lililo zito kuliko lile la shule: vita vikizuka baina ya dola kubwa, nani adaiwa damu ya mtu asiyekuwa na neno katika ugomvi wao?

Kwanza tutazame chanzo. Bastola ya Sarajevo iliua watu wawili, yule mrithi na mkewe. Yawezaje mauti ya watu wawili kuzaa mauti ya mamilioni? Ni kwa kuwa dola za Ulaya zilikuwa zimekwisha kujifunga kwa mapatano, hizi upande huu na hizi upande huu, kila moja ikimwogopa jirani yake na kutamani alicho nacho. Tarehe 28 Julai Austria ilitangaza vita juu ya Serbia, na Urusi ikakusanya jeshi kuitetea. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita juu ya Urusi, na tarehe 3 juu ya Ufaransa. Tarehe 4 majeshi yake yakaingia Ubelgiji, nchi ambayo dola kubwa ziliahidi tangu mwaka 1839 kutoiingiza vitani, na Prussia, iliyokuja kuwa kichwa cha Ujerumani, ilikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Siku ile ile Uingereza nayo ikaingia. Yote hayo yalitimia kwa siku nane tu. Watu hawawezi kuanza ugomvi mkubwa namna hii kwa siku nane, isipokuwa wameuweka akiba miaka mingi. Hofu, wivu wa biashara, tamaa ya makoloni, na kiburi cha manowari mpya ndivyo vilivyokuwa kuni. Bastola ilikuwa kiberiti.

Vita vilifikaje Afrika ya Mashariki? Mwaka 1885 wajumbe wa dola walipomaliza mkutano wao wa Berlin, pamoja na kanuni za biashara na za kujitwalia nchi za Afrika, waliandika na neno la amani: nchi za bonde la Kongo, na zile za mashariki yake mpaka Bahari ya Hindi, ziweze kuwekwa mbali na vita, endapo wenye kupigana watapatana. Neno hili ni zuri kulisoma, lakini lilifanywa kwa namna gani? Hapana Mwafrika aliyekaa katika baraza lile. Na ahadi yenyewe iliachiwa mlango wazi, yaani, wakipatana. Mtu mwenye hasira na adui yake atapatana naye lini?

Mwaka 1914 gavana wa Wajerumani, Heinrich Schnee, alipenda nchi aliyoitawala isiingie vitani. Mkuu wa jeshi lake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakupenda. Nao Waingereza hawakungoja: tarehe 8 Agosti manowari yao Astraea iliupigia mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam, na wiki moja baadaye Wajerumani wakaiteka Taveta. Shabaha ya Lettow-Vorbeck yajulikana. Hakutumaini kuishinda Uingereza huku; alitaka ilazimike kuleta askari wengi Afrika, ili wasipelekwe Ufaransa. Yaani nchi nzima, pamoja na mashamba na watu wake, ilifanywa kijiti cha kumchokoza adui aliye mbali. Na Waingereza wakakubali kuchokozeka. Novemba 1914 walileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, wakashindwa. Mwaka 1916 wakaja na jeshi kubwa zaidi chini ya Jenerali Smuts. Lettow-Vorbeck aliendelea kukimbia na kupigana, hata akaweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya.

Sasa twaja kwa mchukuzi. Farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o, barabara za motokaa zilikuwa chache, na mvua ilizifuta hata hizo chache. Basi unga, risasi na mizinga vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Upande wa Waingereza waliandikwa wachukuzi wapatao 1,000,000, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kongo na Tanganyika yenyewe. Hesabu za serikali zilitaja wachukuzi waliokufa zaidi ya 90,000, na wanahistoria wengi waona hesabu hiyo ni ndogo kuliko kweli. Askari wa upande huo waliokufa walikuwa yapata 11,000. Wajerumani nao walikamata watu kwa nguvu, na hao hawakuwekewa hesabu ipasavyo. Wengi wa wachukuzi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na homa ya mapafu, na chakula wasichokizoea kilichopikwa kikiwa hakijaiva.

Na tazameni jambo hili. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikufika kwa jamaa zao, kwa sababu majina yao na vijiji vyao havikuandikwa vema. Fedha ile ikabaki mikononi mwa serikali. Aliyepotea jina alipotea na ujira. Leo watu hununua nyanya na kanga Kariakoo ya Dar es Salaam, au hushuka Kariokor ya Nairobi, wasikumbuke ya kuwa neno hilo ni jina la Kiingereza la jeshi la wachukuzi, lililogeuzwa na ndimi zetu. Jina la jeshi limesalia. Majina ya watu hayakusalia.

Matokeo hayakukoma kwa wachukuzi. Majeshi ya pande zote mbili yalikula ng'ombe na nafaka za wanavijiji, na wanaume wa kulima wakaondolewa. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu. Ugogo iliingia katika njaa iitwayo Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, na yakisiwa ya kuwa watu wapatao 30,000 walikufa. Mwaka 1918 ikaja na homa kuu ya mafua, ikawakuta watu wamekwisha dhoofika. Kisha tarehe 28 Juni 1919 mapatano yalitiwa sahihi Versailles. Ujerumani ililazimishwa kukiri kuwa ndiyo yenye kudaiwa hasara, ikanyang'anywa makoloni. Uingereza ikapata Tanganyika, Ubelgiji ikapata Ruanda na Urundi, Ureno ikapata kipande cha Kionga. Mjane wa mchukuzi hakuulizwa anadai nini.

Wako wasemao, Yafaa Wajerumani walifukuzwa, maana waliwatesa watu wa kusini katika Maji Maji, mwaka 1905 hata 1907, wakachoma chakula mpaka njaa ikaua watu wengi sana. Neno hili la mateso ni kweli. Lakini Waingereza hawakuingia vitani kwa ajili ya watu wa Maji Maji. Wala ubaya wa jirani hauwi hati ya kumpa mtu ruhusa ya kumtumia mnyonge apendavyo.

Wengine husema, Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Methali hii ina kweli, lakini yatuliza mioyo upesi mno. Nyasi hukanyagwa kwa kuwa zipo hapo tu; mchukuzi alitafutwa nyumbani kwake. Nyasi haziambiwi zimbebee tembo chakula chake. Tena tembo hana dhamiri, wala hakutia sahihi mapatano yoyote. Tukiwaita watawala tembo, twawaondolea hatia. Na tukijiita nyasi, twajiondolea hatia sisi wenyewe.

Kwa nini twasema hatia yetu? Watawala walipotaka watu, amri ilishuka kwa majumbe na wazee. Na mara nyingi ni nani aliyetolewa? Hakutolewa mwana wa jumbe. Alitolewa maskini, mgeni asiye na ukoo, na mtoto wa mjane asiye na wa kumsemea. Hapo Sarajevo ilikuwa mbali sana. Hapo palikuwa na kijiji, na baraza, na mtu mmoja anyoshaye kidole. Mfalme alitamani nchi, jenerali alitamani ushindi, jumbe alitamani usalama wa nyumba yake. Tamaa zilitofautiana kwa ukubwa, lakini zilikuwa za ukoo mmoja.

Walikuwako watu waliouliza. Huko Nyasaland mhubiri John Chilembwe, baada ya mapigano ya Karonga ya Septemba 1914, aliliandikia gazeti akiuliza kwa nini Waafrika waitwe kufa katika ugomvi usio wao, hali wakati wa amani hawahesabiwi kitu. Hakujibiwa. Januari 1915 akashika silaha na wafuasi wake. Wazungu watatu wakauawa, naye akapigwa risasi tarehe 3 Februari, na wafuasi wengi wakauawa. Upanga wake hatuusifu. Lakini swali lake halikufa pamoja naye, wala kumwua mwulizaji si kumjibu. Kwa upande mwingine, Askofu Frank Weston wa Zanzibar mwaka 1916 alikwenda bara pamoja na wachukuzi wa Zanzibar, akitembea nao. Na mwaka 1920 akaandika kuzipinga kazi za kulazimishwa. Hakuvizuia vita, lakini hakukubali kumwita mtu mzigoni hali yeye mwenyewe akikaa barazani.

Basi, nani adaiwa? Mzigo ukigawanywa kwa watu kumi, kila mmoja huchukua sehemu ndogo. Hatia si mzigo wa namna hiyo. Watu kumi wakimwua mtu, hawawi mwuaji mmoja aliyekatwa vipande kumi. Wawa wauaji kumi. Aliyetamani adaiwa, aliyeamuru adaiwa, na aliyenyosha kidole adaiwa. Wala asiyehesabu waliokufa hawezi kusema hakujua idadi yao, kwa maana asiyetaka kuhesabu hataki kudaiwa.

Hata leo vijana huitwa kwenda kufa, katika vita vya dola na hata katika ugomvi wa mipaka ya mashamba. Anayewaita na aulizwe mambo mawili: Je, mwanao yumo? Na majina yao umeyaandika wapi? Nasi tuanze nyumbani. Miaka zaidi ya mia imepita, lakini katika koo nyingi bado yuko mzee aliyesimuliwa habari za babu aliyekwenda kuchukua mizigo asirudi. Mwenye daftari na aandike: jina, kijiji, na mwaka alioondoka, kama unajulikana. Jina likiandikwa halimfufui mtu. Lakini mkono ulioliandika utakuwa mzito siku utakapoambiwa umnyoshee kidole mtoto wa mjane.