Zizi Safi Halilimi

Mithali sura ya 14, aya ya 4, ina msemo ambao wahubiri wengi huuruka: pasipo ng'ombe zizi huwa safi, ila mavuno mengi huletwa na nguvu za ng'ombe.

Mkulima wa Shinyanga anayelima kwa maksai haambiwi maana yake. Wakati wa mvua kinyesi zizini kinamfika kifundoni. Kiangazi nyasi zikikauka, anunue mashudu ya pamba. Tena atafute kijana wa kutangulia mbele akiwaongoza maksai, mwingine nyuma ameshika plau. Jirani asiye na ng'ombe hana adha hizo. Anafagia uwanja asubuhi, basi. Hesabu hugeuka mvua za kwanza zikinyesha: mmoja anafunga nira, mwingine anashika jembe la mkono.

Msemo huu hausifu uchafu, ingawa wazembe wangependa iwe hivyo. Mithali hiyohiyo, 27:23, inamtaka mfugaji aijue vizuri hali ya makundi yake, na samadi ina mahali pake shambani. Kinachokosolewa ni usafi wa mtu asiyethubutu kufanya kitu.

Hapo ndipo tunapokutana na yule mtumwa wa talanta moja katika Mathayo 25. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba alipewa vijisenti. Talanta ilikuwa dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku: kazi ya karibu miaka 20! Akaifukia, akairudisha kamili. Hakuiba, hakupata hasara, na bado bwana wake alimwita mlegevu.

Kamati zetu za fedha kanisani zingefaa kuisoma aya hiyo ya zizi kabla ya kikao. Taarifa inasomwa, hakuna deni, makofi yanapigwa; hakuna anayeuliza kile kiwanja cha usharika kilichoota magugu kimemlisha nani.

Yakobo 1:5 humhimiza aliyepungukiwa hekima amwombe Mungu. Katika kazi na mali, nionavyo mimi, anaomba macho ya kutambua usumbufu upi unalipa. Maksai wanne wanavuta plau, wa tano anakula tu. Huyo wa tano auzwe kabla ya kiangazi, angali na mnofu.