Kuuliza Leseni si Dhana Mbaya

Biashara imewapeleka watu wa pwani mbali na bahari. Wako waliofika Embu, na wako waliofika hata Kiritiri, mji wa soko katika nchi ya Wambeere, ambao wengi wetu twausikia kwa ajili ya muguka uletwao Mombasa. Na mwenye kufika akakaa hutaka ghala au duka la mawe, na ili kulipata humtafuta mkandarasi, au kontrakta kama tulivyozoea kumwita. Hapo ndipo lizukapo suala tunalotaka kulitazama: je, yafaa kumwambia mtu, kabla ya kumpa kazi, "Nionyeshe leseni yako"?

Wako wasemao haifai. Husema: mtu huyu ameletwa na rafiki, ana maneno mazuri, pengine husimama nasi safu moja msikitini, kumtaka cheti ni kumtilia shaka, na dhana mbaya imekatazwa. Maneno haya yana sura ya adabu, na kwa hiyo yapasa kujibiwa kwa adabu.

Dhana mbaya ni kumhukumu mtu kwa jambo usilolijua. Aulizaye hahukumu, auliza ili ajue. Dini yetu imetuamrisha kuandikiana deni na kuweka mashahidi, wala haikuwatoa ndugu na marafiki katika amri hiyo. Hapana mwanachuoni aliyesema kuwa kuandika deni ni kumwita mdaiwa mwizi. Kuandika ni kuulinda udugu usivunjike siku watu watakapobishana, na kuuliza leseni ni vivyo hivyo.

Tena yatupasa tuangalie ni haki ya nani tunayoisamehe. Fedha ni za mwenye kujenga. Lakini chini ya dari ile watalala watoto, atakaa mpangaji, atasimama mtu aliyeingia kununua ratili ya sukari. Hao hawakuwapo siku ya mapatano, wala hawakuulizwa. Mwenye kuona haya kuuliza huilipia haya yake kwa roho za wengine. Huo si ukarimu.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ikamkataza mtu kufanya kazi ya ukandarasi bila ya kusajiliwa nayo. Wakandarasi wamepangwa katika daraja nane, ya kwanza kwa kazi kubwa kabisa na ya nane kwa kazi ndogo, na leseni hufanywa upya kila mwaka. Basi mwenye kujenga na aulize mambo matatu. Je, jina lililo katika cheti ni la huyu tunayepatana naye? Je, daraja na aina ya kazi aliyosajiliwa zalingana na jengo letu? Je, mwaka wake haujapita? Kisha asitosheke na karatasi aliyoonyeshwa, bali ahakikishe katika daftari la Mamlaka yenyewe. Kwani cheti huazimwa, na hughushiwa.

Wala tusidhani kuwa leseni peke yake yatosha. Tarehe 29 Machi 2013, katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, jengo lililokuwa likijengwa karibu na msikiti lilianguka likaua watu 36, watoto miongoni mwao. Wakuu walieleza kuwa ruhusa ilikuwa ya ghorofa 10, nalo lilikuwa limepandishwa hadi 16. Tarehe 29 Aprili 2016 jumba la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua, wakafa watu wapatao 50. Nalo wakuu wa mji walisema halikuwa na idhini. Basi tuulize leseni ya mjenzi, na idhini ya jengo pia, kisha tutazame kama kazi yafuata idhini hiyo.

Yuko atakayesema: fundi mwema asiye na cheti afanyweje? Tusimdharau, kwani huenda mkono wake ukashinda vyeti vingi. Lakini wanazuoni wa fiqhi wamekwisha kuandika kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo hudhaminiwa alichoharibu. Nyumba nayo huua kama dawa. Haki ya fundi huyo ni kusaidiwa asajiliwe, na kabla ya hapo afanye kazi chini ya mkandarasi aliyesajiliwa. Kumficha katika njia za panya ni kumdhulumu yeye na sisi.

Si mbali na Kiritiri, mto Tana umezuiliwa kwa mabwawa ya umeme ya Kamburu, Gitaru na Kiambere, kisha maji yake huteremka mpaka Kipini, kwetu pwani. Hapana mtu ambaye angekubali ukuta wa bwawa ujengwe na mtu aliyesifiwa na rafiki tu. Kila mmoja angetaka kujua ujuzi wake na ni nani amdhaminiye. Kwa nini basi ukuta wa nyumba tuuamini kwa salamu?

Kutawakali ni baada ya kufunga kamba, si badala yake. Aliye mwaminifu hachukii kuulizwa, na huitoa leseni yake kwa furaha. Anayekasirika kwa kuulizwa, basi hasira yake yatosha kuwa jibu.