Jirani Mwenye Magurudumu

Ujirani, kwa watu wa pwani yetu, ni jambo la haja kabla ya kuwa jambo la mapenzi. Aliyeishiwa chumvi hubisha hodi. Aliyezimikiwa na moto huenda kuomba kaa. Na maiti haijipeleki makaburini. Kwa hiyo tukiulizwa kama ujirani waweza kuwapo pasipo na mtu amhitajiye mwenziwe, aghalabu twajibu upesi kuwa hauwezi. Nataka jibu hilo lipimwe kwa mfano wa mbali.

Katika jimbo la Arizona, Marekani, uko mji mdogo uitwao Quartzsite, uliozungukwa na jangwa la changarawe. Kila majira ya baridi humiminika huko watu wenye magari ya kulala, yenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Wengi wao ni wastaafu, na baadhi hawana maskani nyingine duniani. Tangu mwaka 1983 serikali imetenga sehemu za ardhi ya umma kwa wakaao muda mrefu, kuanzia tarehe 15 Septemba hata tarehe 15 Aprili. Kwingineko jangwani mgeni hukaa siku 14, kisha sharti ahame. Gari na gari ziachane futi 15, na kelele ni marufuku tangu saa nne za usiku hata alfajiri. Kila mmoja amekuja na tangi lake la maji na paneli zake za umeme wa jua. Vyama vyao vikiitisha mkutano, kujiunga ni kwepesi: mtu hulipa ada, huegesha gari, akaenda kwenye duara la moto. Walakini huenda na kiti chake mwenyewe.

Mpinzani atasema huo ni mchezo wa ujirani, maana jirani akikuudhi wawasha injini. Hoja hiyo ina uzito, lakini yatugusa na sisi. Sehemu kubwa ya uvumilivu wetu mitaani hutokana na kuwa nyumba haihamishiki. Na sijui kama subira ya mtu asiye na pa kwenda yastahili sifa zote tunazoipa. Yule awezaye kuondoka kila asubuhi, naye akabaki kumsikiliza mzee akirudia kisa kile kile cha jana, amefanya tendo ambalo mwenye nyumba ya mawe hajapata kutakiwa alifanye.

Hata hivyo kubaki na mwenye afya si kazi. Mtihani ni yule ambaye macho yake hayaoni tena barabara. Chama kiitwacho Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson, kina kituo Livingston, Texas, kwa ajili ya wanachama wake waliosimamishwa na uzee au maradhi. Mgonjwa huegesha gari lake hapo akaendelea kulala kitandani mwake. Hupikiwa, hufuliwa, hupelekwa kwa daktari. Si bure, hulipa ada. Lakini wamo miongoni mwa wahudumu wake watu wa kujitolea, wenye magari yao na mafuta ndani yake, ambao hakuna awezaye kuwazuia wasiondoke. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kundi la wasafiri lilipokuwa jamii; mioto ya Quartzsite peke yake isingetosha.

Msomaji wa Tanga au Mombasa atauliza: watoto wa wazee hao wako wapi? Ni swali la haki, lakini lina makali pande mbili. Tuna wazee wetu leo ambao watoto wao wako Muscat, Toronto na London. Fedha huja kwa simu kila mwezi, bila kukosa. Nani awageuzaye kitandani usiku, naye ana haki gani kwetu?