KHABARI NI AMANA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wetu watakao kuandika magazetini, ni lipi limpasalo mwandishi wa khabari ili asihesabiwe mbele ya Mola wake katika waongo. Jawabu yake haiko mbali, kwani maulamaa wetu waliipima khabari karne nyingi kabla ya kuwako magazeti.

Asili ya mlango huu ni aya ya 6 ya Sura Al-Hujurat, ambayo ndani yake tumeamrishwa kuichunguza khabari ya mtu asiyeaminika kabla ya kuitenda. Wafasiri wengi wamesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alimtuma al-Walid bin Uqba kwa Banu al-Mustaliq kupokea zaka. Walipotoka kumlaki aliingiwa na khofu, akarudi, akasema kuwa wamekataa zaka na wametaka kumuua. Karibu vita vitoke. Basi tazameni, ndugu zangu: mtu huyu kweli aliwaona watu wakitoka. Kosa lake ni kuwa alitia dhana yake juu ya alichokiona, kisha akavileta vyote viwili kwa jina moja la khabari. Kwa hivyo jambo la kwanza limpasalo mwandishi ni kutenga alichokiona, na alichoambiwa, na anachokidhani. Na cha tatu hiki asikiandike kuwa ni khabari.

La pili ni kumjua aliyeileta. Imamu wetu Shafii, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra (820), ameeleza katika Ar-Risala sharuti za mtu ambaye khabari yake hukubaliwa: awe mwaminifu katika dini yake, ajulikane kwa ukweli wa maneno, afahamu anachokisimulia, ajue ni neno gani likibadilishwa hugeuza maana, wala asidai kumsikia mtu ambaye hakumsikia. Mtu aweza kuwa mcha Mungu, akaswali usiku na akafunga mchana, na khabari yake isikubaliwe kwa kuwa hahifadhi vizuri. Wema wa msemaji hautoshi kuwa ushahidi wa asemalo.

La tatu ni kutopendelea. Aya ya 8 ya Sura Al-Maida yatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na aya ya 135 ya Sura An-Nisaa yatutaka tuushike ujapokuwa juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Ali bin al-Madini, bingwa wa Hadithi aliyefariki mwaka 234 wa Hijra, aliulizwa khabari za baba yake mzazi, naye alikuwa mpokezi wa Hadithi. Akawaambia wamuulize mwengine. Waliposhika kumuuliza aliinamisha kichwa, kisha akakiri kuwa baba yake ni dhaifu katika upokezi. Yuko wapi leo mwandishi atakayeupima upande wake kwa mizani awapimiayo mahasimu wake?

Wala hatusemi kuwa kutoa rai ni haramu. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 katika Mombasa kwa ajili ya kunasihi na kutengeneza hali za Waislamu. Lakini nasaha na ijulikane kuwa ni nasaha, na rai ijulikane kuwa ni rai. Lililo haramu ni kuivika rai nguo ya khabari.

Nami sijitoi katika lawama hii. Siku moja nililetewa karatasi iliyopigwa chapa, isemayo kuwa msimamizi wa kisima cha wakfu amekula fedha zake. Nikaitaja katika darsa baada ya Alasiri, wala sikumtaja mtu kwa jina. Lakini mtaa wetu una kisima kimoja tu. Watu wakaacha kumjibu salamu. Baada ya siku kumi na mbili hesabu zikaletwa, ikaonekana kuwa fedha zile wamelipwa mafundi, na stakabadhi zipo. Aliyeandika hakumwendea kumuuliza, wala mimi sikumwendea, na mlango wake watazamana na wa madrasa yetu.

Imamu Nawawi ametaja kuwa toba ya dhambi iliyofungamana na haki ya mwanadamu haitimii ila kwa kuirudisha haki ile kwa mwenyewe. Kwa hivyo nilikwenda kumtaka radhi, kisha nikasimama pale pale niliposema, nikalifuta neno langu. Lakini waliokuja siku ile walikuwa wachache kuliko waliosikia siku ya kwanza. Na hao wengine mpaka leo sijui waliambiwa na nani.

Basi enyi vijana wetu, muulizeni mwenye kutuhumiwa kabla ya kuandika, na jawabu yake iandikeni kama alivyoisema. Mkikosea, sahihisheni mahali pale pale mlipokosea, kwa herufi zile zile, wala msiufiche usahihisho pembeni. Na mkikosa yakini, nyamazeni. Kwani khabari iliyochelewa huweza kuandikwa kesho, na heshima ya mtu ikishavunjwa haitengenezwi na wino.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kusema kweli. Amin.